Kwa fundi, chuoni au uanagenzi: mtoto anayetaka umeme aanzie wapi?

Wiki ile matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, dada yangu alinipigia simu. Mpwa wangu kapata divisheni ya nne, pointi 28. Hataki kurudia mtihani, anataka umeme. "Sasa kaka, kuna fundi hapa mtaani kasema nimlete hata kesho, hataki shilingi. Na kuna VETA, ila huko ni kusubiri dirisha la maombi, halafu ada. Wewe ndiye umepita huko. Nimpeleke wapi?"

Nilimjibu nikiwa juu ya ngazi, na jibu la juu ya ngazi halifai kumwongoza mtoto wa mtu. Hili hapa ndilo nililopaswa kumpa, na najua wako wazazi wengi wenye swali hilohilo, na vijana wenyewe.

Niseme mapema nimesimama wapi. Nilianza kama saidia fundi mwaka 2009, Dar es Salaam, nikakaa miaka mitatu. Baadaye ndipo nikaingia darasani, masomo ya jioni, nikapata vyeti, nikaomba leseni. Kwa hiyo nina deni kwa mtaa na kwa chuo, na kinyongo kidogo kwa kila upande.

Kwa Tanzania njia ni tatu. Ya kwanza ni kumfuata fundi: hakuna mkataba, hakuna tarehe ya kumaliza, unabeba ngazi na kuchimba kuta mpaka siku moja unapewa swichi uifunge. Ya pili ni chuo, yaani cha VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, au vyuo vya taasisi za dini kama Don Bosco, au vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, au chuo binafsi. Ya tatu ni uanagenzi, ambao ni mchanganyiko wa hizo mbili: unasoma chuoni kwa kipindi, unafanya kazi kwenye kampuni kwa kipindi, na chuo na kampuni wote wanajua uko wapi na unajifunza nini. Hii ya tatu nitaiweka mwisho kwa sababu jina lake siku hizi linabeba mizigo mingi.

Mkono unajifunzia wapi

Fundi wa mtaani anakufundisha kazi kama ilivyo. Siku yangu ya kwanza saiti tulikuwa tunalaza mabomba kwenye zege la ghorofa, maeneo ya Tabata. Nondo zilishafungwa na wamwaga zege walikuwa wanakuja alfajiri. Fundi akanipa rundo la mifuko mitupu ya saruji, akaniambia niichane, niiloweshe, nijaze kila boksi la taa na kila mdomo wa bomba. Sikuuliza kwa nini. Maboksi mawili yalikuwa mbali, kona ya kwenye ngazi, jua linawaka, nikayaruka.

Wiki kadhaa baadaye mbao zimetolewa, tukaja kuvuta waya. Yale maboksi mawili yalikuwa yamejaa zege mpaka mdomoni. Nilishinda juu ya stuli na patasi, natoboa jiwe lililo juu ya kichwa changu, vumbi lote linaingia machoni. Fundi amekaa chini anakunywa chai, anaimba. Hakunigombeza hata neno moja. Sijaruka boksi tena tangu siku hiyo.

Somo la namna hiyo karakana hailitoi. Chuoni unafunga waya kwenye ubao. Uso wake laini, swichi iko usawa wa kifua, bomba limenyooka. Niliwahi kupokea kijana wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, aliyeweza kuchora sakiti ya taa inayowashwa sehemu mbili huku anaongea na simu. Nikampa bomba lenye kona nne na waya tatu za kuvuta, akakwama njiani. Hakujua kwamba waya unaupaka sabuni, kwamba mmoja anasukuma na mwingine anavuta kwa mwendo mmoja huku mnaitana, na kwamba ukisikia imekaza unarudisha nyuma kidogo kabla hujavuta tena. Lakini, na hili nalisema kwa haki, wiki mbili zilimtosha. Mwezi wa pili alikuwa anavuta kuliko mimi.

Mtaani pia unajifunza soko. Unajua kupita Kariakoo na kisu kidogo, kukwangua ncha ya waya kabla hujalipa, kwa sababu kuna waya zinazong'aa kama shaba na ndani ni alumini. Unajifunza kuhesabu nyumba kwa pointi, yaani idadi ya taa, swichi na soketi, kumwambia mwenye nyumba kwamba hela ya vifaa haijatosha bila kumfanya ahisi unamwibia, na kukataa kazi ya shemeji yake anayetaka soketi ya oveni kwenye waya wa taa. Vyuo havina somo hilo, na wengi wanaomaliza chuo wakakosa kazi hukosa kwa sababu hiyo: kazi wanaijua, wateja hawawajui.

Kwa hiyo kwenye mkono na kwenye wateja, mtaa unashinda. Ila anachokosa mtoto wa chuo saiti itamjazia kwa miezi michache. Anachokosa mtoto wa mtaani hakijazwi na saiti hata akikaa miaka ishirini, kwa kuwa saiti nyingi zenyewe hazina kitu hicho.

Kupima

Mwaka wangu wa pili tuliitwa Kigamboni. Nyumba mpya, kila mvua ikinyesha umeme unakata. Mita ya LUKU haikuwa na tatizo na majirani walikuwa wanawaka. Kilichokuwa kinaanguka ni ile swichi ya ulinzi ndani ya meini swichi, RCD. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alikuwa amechoka kupanda kiti usiku na tochi.

Fundi wangu alikuwa na mkono mzuri, mpaka leo sijaona anayenyoosha bomba ukutani kama yeye. Alizunguka na tesita yake ya bisibisi, akazima taa moja baada ya nyingine, akajua tatizo ni taa za nje. Akafungua ile ya getini, taa ya bati. Akakata waya wa kijani na njano, akauzungushia tepu, akafunga. Kisha akaagiza ndoo ya maji, akaimwagia taa mbele ya mama yule. Umeme haukukata. Mama alifurahi, akatulipa papo hapo, akatuongeza na soda.

Miaka miwili baadaye nilikuwa darasani mwalimu anaeleza RCD, nikanyamaza kipindi kizima. Ile ya nyumbani kwa kawaida hukata pale umeme unaovuja kwenda ardhini unapofika kiasi cha miliampia 30, kiasi kidogo kuliko kinachoweza kumuua mtu kikipita moyoni kwa muda. Taa ya getini ilikuwa imeingia maji. Umeme ukagusa bati, waya wa ethi, ule wa kijani na njano tuliokuja kuukata, ukaupeleka ardhini, RCD ikauona, ikakata. Vyote vilikuwa vinafanya kazi yake sawasawa! Sisi tukamfukuza mlinzi na kumwacha mwizi ndani. Kuanzia siku ile mvua ikinyesha bati lile lilikuwa na umeme na hakuna wa kusema, mpaka aje mtu wa miguu mitupu ashike geti, mwili wake ndio uwe ethi.

Nilikwenda Kigamboni Jumapili iliyofuata kwa nauli yangu. Walishabadilisha taa zote za nje, wameweka za plastiki. Sikumwambia mama kilichonileta. Nilimwambia nilikuwa napita.

Chuoni tatizo lile lina njia yake, na njia yenyewe haihitaji akili ya ajabu. Unazima meini swichi, unatoa balbu na kila kilichochomekwa, unaunganisha laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) za sakiti moja pamoja, kisha unapima kati yake na ethi kwa megger, kifaa kinachosukuma volti 500 za moja kwa moja kwenye waya na kusoma ukinzani. Sakiti isiyo na tatizo husoma mamia ya megaohm. Ikishuka chini ya megaohm moja, hapo pana ugonjwa. Unaigawa sakiti katikati, unapima tena, nusu saa umefika kwenye taa yenyewe. Hukukata chochote. Fundi wangu hakuwa na megger, na sidhani kama aliwahi kuishika. Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza, basi angeinunua ya nini?

Hata ile tesita ya bisibisi tunayotembea nayo mfukoni wote, chuo ndicho kilichonifundisha kutoiamini. Kitaa chake kinawaka kwa umeme kupita mwilini mwako kwenda chini. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao na viatu vya mpira, kinaweza kuwaka hafifu usikione mchana, ukadhani waya umekufa. Aliyefundishwa vizuri hupima kwa kipimo cha volti, na kipimo chenyewe hukijaribu kwanza mahali anapojua pana umeme, halafu kwenye waya wake, halafu anarudi tena pale pa kwanza. Mara tatu kwa waya mmoja. Mtaani ukifanya hivyo wanakucheka kwamba unaogopa.

Kwa hiyo kama mnamtafutia kijana fundi wa kumfuata, msiulize ana miaka mingapi kazini. Muulizeni ana megger? Anapimaje ethi ya nyumba baada ya kupigilia ile fimbo ya ethi ardhini? Akianza kuwaeleza kwa mikono, mpelekeni mtoto hata bila chuo kwa mwaka wa kwanza. Akisema "umeme ni uzoefu tu," shukuruni chai yake mrudi nyumbani.

Pesa na muda

Fundi ni bure, wanasema. Mimi nilikuwa napewa 3,000 kwa siku, ya nauli na ugali, siku ambazo kazi ipo. Siku isiyo na kazi nilikuwa nashinda kijiweni naye tunasubiri simu. Nikifanya hesabu, mwaka wa kwanza wote nilichojifunza ni patasi, nyundo na kukunja bomba kwa springi bila kulivunja. Vitu vya wiki sita.

Na kuna jambo ambalo halisemwi waziwazi. Fundi wa mtaani akikufundisha yote, amejitengenezea mshindani kwenye mtaa uleule, kwa wateja walewale. Huyuhuyu fundi wangu aliyekuwa mwema kwa mambo mengi, kila akifungua meini swichi kuunganisha, alinituma sigara. Ilinichukua muda kugundua kwamba sigara alikuwa nazo. Simlaumu sana sasa hivi, nami nina watoto wanaokula kwa kazi hii. Lakini mzazi ajue kwamba hiyo ndiyo bei iliyofichwa ya "bure": muda wa mtoto unatawaliwa na mtu mwenye sababu ya kuurefusha.

Chuo kina mwisho unaojulikana. Ufundi stadi unakwenda kwa leveli, ya I, ya II na ya III, kila moja kwa kawaida ikichukua takriban mwaka pamoja na fildi. Ada ya vyuo vya serikali ni nafuu, kinachoumiza ni vinavyoambatana nayo: nauli ya kila siku au chumba kama bweni limejaa, sare, viatu vya usalama, vifaa vya mkononi, na mwaka mzima wa kijana ambaye hakuletei hata unga. Vyuo binafsi bei zinapishana mno, na hapo angalizo moja tu: kabla hujalipa hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kwa kozi hiyohiyo ya umeme, maana chuo kinaweza kuwa na usajili wa kozi nyingine kabisa. Kisha omba kuingia karakana siku ya kawaida ya masomo. Ukikuta meza zina vumbi na ubao wa waya mmoja kwa wanafunzi arobaini, umeshajua.

Karatasi na muhuri

Hapa ndipo vijana wengi wa mtaani wanakwama wakiwa na miaka thelathini, mikono imekomaa na wateja wapo.

Tanzania Bara, kazi ya kufunga umeme kwenye majengo inahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Leseni zimepangwa kwa madaraja ya herufi, A ikiwa ya juu, na kila daraja lina mpaka wake wa kazi unazoruhusiwa. Kuipata unahitaji cheti cha ufundi na uzoefu wa kazi, vyote viwili. Na mteja anapoomba kuunganishiwa umeme, TANESCO, shirika la umeme, wanataka kazi ya ndani iwe imethibitishwa na mkandarasi mwenye leseni, kwa sahihi na muhuri.

Sasa fundi asiye na leseni anafanyaje? Anafunga nyumba nzima, kisha anamtafuta mwenye muhuri, anamlipa "hela ya muhuri," naye anagonga. Wengine hawafiki hata kuiona nyumba. Nimekuwa upande wa kulipa kwa miaka, najua ladha yake: umechimba kuta wiki mbili, halafu mtu aliyekaa ofisini anachukua sehemu nono ya faida kwa dakika mbili za wino. Nyumba ikiungua, maswali yatamwendea yeye kwenye karatasi na wewe mtaani, na hakuna kati yenu atakayejibu vizuri.

Huo ndio utofauti wa kipato ninaouona kati ya mafundi wa rika langu. Kasi ya kufunga soketi tunalingana. Mwenye leseni anaongea na mteja mwenyewe, anasaini mwenyewe, anaomba kazi za shule na zahanati. Asiye nayo anafanya kazi kwa mgongo wa mwenzake.

Kwa aliyekwisha kukaa mtaani, mlango haujafungwa. VETA imekuwa na utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa unachokijua, unapewa mafunzo ya kuziba mapengo, kisha cheti. Huhitaji kurudi kukaa na watoto wa miaka kumi na saba kuanzia kuchora balbu. Fundi wa miaka kumi anayesoma haya, hili ndilo la kuulizia kwenye chuo cha VETA kilicho karibu nawe.

Kidogo kuhusu majina ya vyeti, maana yanachanganya hata waajiri. Ule mtihani wa zamani wa ufundi ulikuwa na gredi, na gredi ya III ndiyo ya chini, ya I ya juu. Leveli za sasa zimegeuzwa, I ndiyo ya chini. Nimeona mzee mwenye gredi ya I akiambiwa na kijana wa ofisini kwamba "hiyo ni ya kuanzia, mzee." Kenya wenzetu bado wana mtihani wa gredi chini ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, na leseni ya fundi umeme huko inatoka EPRA, mdhibiti wao wa nishati. Mantiki ni ileile, ujuzi unaweza kuupata jua kali, yaani mtaani, lakini sahihi inataka karatasi. Zanzibar wana mamlaka yao ya mafunzo ya amali na shirika lao la umeme, kwa hiyo wa kule waulizie kule.

Uanagenzi, ule wa kweli na ule wa jina

Mwanagenzi kwa Kiswahili cha zamani ni mtu anayeanza kujifunza jambo, mgeni wa kazi. Mwaka 2017 serikali ilitoa mwongozo wa taifa wa uanagenzi, na kabla ya hapo VETA ilishaujaribu ule wanaouita uanagenzi pacha, kwa mtindo wa Kijerumani, umeme ukiwemo: mwanafunzi ana mwalimu chuoni na ana fundi msimamizi kampuni, na ana daftari la kazi ambalo wote wawili wanalisaini. Wiki hii kafundishwa kuunganisha mota ya fezi tatu, wiki ijayo yuko kiwandani anaiona ikinguruma.

Nikiulizwa ipi ni bora kuliko zote, ni hii, wala sisiti. Inaziba shimo la Kigamboni na inaziba shimo la bomba lenye kona nne. Msimamizi wa kampuni hana sababu ya kukutuma sigara, kwa sababu hutamnyang'anya mteja.

Tatizo ni mbili. Nafasi ni chache, na zimekusanyika palipo na kampuni na viwanda, Dar, Arusha, Moshi, Mwanza na kwingineko mijini. Mtoto wa Liwale au Kakonko atasafiri. Pili, jina limependwa mno. Kuna kozi fupi za miezi sita zinazofadhiliwa zinaitwa uanagenzi, ni nzuri kwa kuanzia, lakini usitegemee zikufikishe pale anapofika aliyekaa miaka miwili au mitatu. Na kuna kampuni zimegundua kwamba neno "mwanagenzi" linamaanisha kibarua asiyelipwa. Nilimwona kijana mmoja, kampuni nitaiacha bila jina, miezi minane "uanagenzini" na kazi yake ilikuwa kuchimba mitaro ya kebo. Daftari lake lilisainiwa siku moja, kurasa zote, kwa kalamu moja.

Kwa hiyo kabla ya kusaini: mkataba unataja kazi utakazofundishwa, au unataja saa za kuingia tu? Posho ni kiasi gani na inatoka lini? Ukianguka kwenye ngazi nani anakutibu, na je, kampuni imekuandikisha kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Mwisho kuna cheti kinachotambulika au barua ya shukrani? Muulize pia aliyemaliza mwaka jana, na umuulizie nje ya geti.

Basi nani aende wapi

Kijana anayetaka viwanda, migodi, mota na paneli za kudhibiti mitambo, asipoteze muda mtaani hata kidogo. Huko mtaani hakuna mota kubwa za viwandani, zile za kuwashwa kwa nyota-delta, za kujifunzia, na mwajiri wa kiwanda anaanza na cheti. Chuo, au uanagenzi akibahatika.

Binti, vilevile chuo kwanza. Sisemi kwa sababu hawezi patasi. Nasema kwa sababu nimeona jinsi mafundi wengi wa mtaani wanavyomkataa msichana mlangoni, au wanavyomkubali kwa nia nyingine, na mzazi hana pa kushtaki. Chuoni wapo wenzake na ipo ofisi ya kulalamika. Akitoka na leseni, wako kina mama wengi wenye nyumba watakaomtafuta yeye.

Asiye na ada kabisa, au mwenye familia ya kulisha tayari, amfuate fundi, ila aandike tangu siku ya kwanza. Daftari: tarehe, saiti, kazi aliyofanya, picha kwenye simu. Siku ya kwenda kupimwa ujuzi hatabaki kusema "nimefanya nyumba nyingi." Na ajiwekee mpaka. Miaka miwili, isizidi, kabla ya kugonga mlango wa VETA.

Na mwenye subira ya miezi kadhaa kati ya matokeo na kuanza chuo, kama mpwa wangu, si lazima achague. Ndicho nilichomwambia dada mwishowe. Aende kwa fundi wa mtaani mpaka maombi yafunguliwe, na fomu ajaze siku ya kwanza. Akifika chuoni ataelewa mara mbili, kwa kuwa kila mwalimu atakachosema atakuwa ameshakiona kikiharibika. Nilimnunulia kipimo cha volti, cha bei ya kawaida tu, na viatu. Nikaenda kumwona fundi mwenyewe, nikamuuliza la megger. Hakuwa nayo, lakini aliniuliza inauzwa wapi, nikaona huyu tunaweza kwenda naye.

Mwezi wa tatu nikapata picha kwenye WhatsApp, saa nne asubuhi. Geti la chuma, taa ya nje imefunguliwa, mkono wa mpwa wangu unaonyesha kitu kwa bisibisi. Chini kaandika: "Mjomba shikamoo. Hii taa mvua ikinyesha inakata umeme nyumba nzima. Fundi kasema tukate huu waya wa kijani na njano. Tukate?"

Nikamjibu marahaba, asiguse, na anitumie jina la kituo cha daladala.